Ukungu ndani ya kioo cha saa, hasa kama saa bado ina waranti

Wadau, mwezi huu wa saba hapa Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi baridi inauma hadi kushika bisibisi ndogo ni shughuli, na ndo msimu ambao saa zenye ukungu zinafika mezani kwangu karibu kila wiki. Juzi kaja mzee mmoja wa biashara ya mchele Kyela, saa ya maana kabisa, kijana wake kamnunulia nje mwaka juzi, ina waranti ya miaka 5, lakini kioo kimekuwa cheupe kwa ndani huwezi hata kuona mishale. Ananiambia, "Fundi, nimeifukia kwenye mchele usiku kucha, ukungu ukaisha, nimepanda gari huku juu umerudi."

Mchele hauwezi kuvuta maji yaliyoko ndani ya chuma kilichofungwa. Ukungu uliisha kwa sababu saa ilipata joto, yale maji yakageuka mvuke yakasambaa kwenye mashine, kwenye springi nyembamba kama unywele, kwenye skrubu, halafu ukipanda kutoka Kyela kwenye joto mpaka Mbeya kwenye baridi kioo kinapoa kwanza na mvuke unarudi kukaa hapo hapo. Ndo maana nawaomba sana msianike saa karibu na jiko la mkaa wala kuipulizia draya ya saluni, mnayapeleka maji kwenye kutu.

Ila sio kila ukungu ni msiba. Hewa iliyomo ndani ya saa haifiki hata kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo unyevu wake ni kidogo mno, ukiona utando mwepesi umekuja ghafla ukaisha baada ya dakika chache na haurudi, tulia, angalia tu. Ukikaa, au ukirudi rudi, au ukaona matone, maji yameingia. Mimi napima bila kufungua: naipasha saa taratibu kwenye kisahani cha moto mpaka nyuzi 40 hadi 45, nadondosha tone la maji ya kawaida juu ya kioo, nasubiri dakika moja, nafuta. Pale tone lilipokaa pakibaki na ukungu kwa ndani, jibu ndo hilo. Ya mzee ilibaki na duara jeupe saizi ya punje ya mahindi.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, tarehe moja ulirekebisha tarehe?" Maana mwezi wa sita una siku 30 na saa nyingi zinasoma 31, kwa hiyo watu wengi wanafungua krauni, kile kitufe cha pembeni, siku hiyo. Akasema ndiyo. Krauni yake ni ya kuzungusha mpaka ing'ate, mtindo ambao Rolex walikuwa nao kwenye Oyster tangu 1926, na ikiwa haijang'ata basi ile mita 100 ya kuzuia maji iliyoandikwa kwenye saa haina kazi. Nikaishika mwenyewe nikaizungusha: inazunguka, inazunguka, haikamati. Kwenye lensi nyuzi za skrubu zimelika upande mmoja. Ongeza kuoga maji ya moto kila asubuhi na saa mkononi, kama wengi tunavyofanya baridi hii, mvuke na sabuni vinapita kwenye oringi, zile pete za mpira za kuzuia maji, kirahisi sana.

Hapo mkono unawasha kufungua, lakini sikufungua. Miaka ya nyuma nilimfungulia dada mmoja saa kama hiyo kwa nia njema, nikaikausha vizuri, alipoipeleka kwa wakala wakaona alama ya kifaa kwenye mfuniko wa nyuma wakakataa waranti yote, akalipa yeye. Bado inaniuma. Kwa hiyo sa hivi nafanya hivi: napiga picha ukungu na namba ya saa siku hiyo hiyo, mteja anampigia wakala anayetambuliwa na kampuni mbele yangu, na kama maji ni mengi na safari ni ndefu tunaomba ruhusa ya kufungua kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha, maana kutu haisubiri wiki mbili. Saa isivaliwe, iachwe mpaka mashine isimame yenyewe.

Wakala wa mzee akasema itumwe ikiwa imefungwa. Tukaweka kadi ya waranti, risiti, na barua aliyoandika mwenyewe, nikamsihi aandike kila kitu kilivyokuwa, kwamba alirekebisha tarehe na krauni haikukamata, na kwamba wasiguse chochote cha kulipia kabla ya kumtumia bei. Ikaondoka na ndege ya Songwe kesho yake.

Jana wamejibu. Krauni, kijibomba inamojifungia na oringi zote wanabadilisha kwa waranti. Uso wa saa una doa karibu na namba 4, hilo wanasema ni la kulipia mwenyewe, wametuma bei. Mzee kanipigia kuuliza kama doa linaendelea kukua, nikamwambia mashine ikishasafishwa na saa ikafungwa vizuri, haliendelei. Kasema basi aliache.