Timu Zinaporejea Vyumbani: Tunavyoidhania Besiboli ya Marekani na Yaliyomo Ndani

Mtangazaji wa kabumbu akisema "timu zinarejea vyumbani", kila msikilizaji anajua kinachofuata: dakika 15, maji, kocha anafoka, kisha wanarudi uwanjani. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba timu za besiboli za Marekani nazo zina vyumba vyao, anavuta picha hiyo hiyo. Anakosea tangu mwanzo. Besiboli haina mapumziko ya nusu ya kwanza, na vyumba vyake si mahali pa kupitia tu. Dhana za namna hiyo ziko nyingi, tuzipitie moja moja.

Ligi Kuu ya kule ina timu 30, na kila moja inacheza mechi 162 katika muda wa miezi sita hivi. Ni kazi ya karibu kila siku. Mechi ya saa 1 usiku, wengi wameshafika saa 8 mchana. Kwa Kiingereza wanapaita "nyumba ya klabu", na kweli ni nyumba: jiko, meza za kulia, makochi, chumba cha tiba, mabafu ya barafu, chumba cha kutazamia video, mashine za kufulia. Chicago Cubs walipofungua vyumba vipya mwaka 2016 kwenye uwanja wao wa Wrigley Field, chumba cha makabati walikijenga duara, kipenyo chake futi 60 na inchi 6, yaani kama mita 18.4. Huo ndio umbali anaosimama mrushaji mpira kutoka kwa mpigaji. Chumba cha duara hakina kona ya kununia.

"Wote mle ndani ni mamilionea"

Wachezaji wa Ligi Kuu, sibishi, wanalipwa. Mwaka 2025 kima chao cha chini kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, na kikosi kina watu 26. Sasa hesabu waliobaki: wapishi, watu wa tiba, wakalimani wa Kihispania (tangu 2016 kila timu inatakiwa kuwa nao), na vijana wa kazi ambao wachezaji huwaita klabi. Huyu klabi ni mtunza vifaa, dobi, mhudumu wa chakula na mtu wa kutumwa dukani, vyote kwa pamoja. Anafungua mlango asubuhi, anaufunga usiku wa manane.

Tazama kazi moja tu, suruali. Mchezaji wa besiboli akikimbilia kituo, alama ya chini anayotakiwa kuigusa kabla hajatolewa, hujirusha chini na kuteleza, kwa tumbo au kwa paja. Mechi ikiisha, suruali nyeupe zinarundikana kwenye mapipa zikiwa na udongo mwekundu magotini na rangi ya majani makalioni. Udongo ule ukishaingia kwenye nyuzi hautolewi na mashine peke yake. Mtu anainama na brashi na sabuni, doa kwa doa, kabla hajatia mashineni, maana kesho kuna mechi nyingine na suruali hizo hizo lazima ziwe nyeupe.

Timu ikisafiri, lori la mizigo linaweza kufika uwanja wa ugenini saa 8 usiku. Wanaolipokea ni klabi wa mji ule, waajiriwa wa uwanja wa wapinzani. Wanafungua begi moja moja, wanatundika jezi, wanapanga viatu chini ya kila kabati. Mchezaji akiingia mchana anakuta jina lake limeandikwa juu na kila kitu mahali pake, kama bwana harusi mwenye wapambe. Kwa kawaida hiyo, bakshishi anayoacha siku ya kuondoka inamwendea mtu wa timu pinzani, na hakuna anayeona ajabu.

Kwenye ligi za chini mambo yalikuwa machungu zaidi. Kwa miaka mingi mchezaji chipukizi, ambaye mshahara wake haukumtosha hata kodi, alitozwa na klabi dola kadhaa kila siku ili apate chakula cha vyumbani na kufuliwa. Masikini anamlipa masikini. Michango hiyo ilifutwa mwaka 2021, gharama zikarudi kwa timu. Mwaka 2023 wachezaji wa ligi za chini walipata mkataba wao wa kwanza wa chama: daraja la A la chini lilitoka dola 11,000 kwa mwaka hadi 26,200. Huyo naye ni mchezaji wa kulipwa, ana jezi na kabati, na milioni anaisikia kwa wengine tu.

Kuna kikao kimoja ambacho mimi ningelipa kiingilio kukiona. Timu ikiingia hatua za mwisho za msimu, sehemu ya mapato ya milangoni hugawiwa kwa kura ya wachezaji wenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Nani apewe fungu kamili, nani nusu, nani fedha taslimu kidogo. Mwaka 2022 fungu kamili la mabingwa, Houston Astros, lilikuwa dola 516,347. Wachezaji wana uhuru wa kumwekea fungu mtu wa jikoni au mfua jezi. Tabia ya timu utaijua hapo kuliko kwenye mahojiano yoyote.

"Mpira hutoka kiwandani tayari kuchezwa"

Hili hata mashabiki wa huko huko wengi hawalijui. Mpira mpya wa besiboli unang'aa na kuteleza. Mrushaji hawezi kuushika vizuri, na mpira unaomponyoka kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa unaweza kuua. Si maneno ya kutisha watoto. Agosti 1920, Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira wa Carl Mays wa Yankees, akafariki siku iliyofuata. Enzi hizo mpira mmoja ulichezwa hadi ukawa mweusi, na ilidhaniwa Chapman hakuuona vizuri. Baada ya hapo mipira ikaanza kubadilishwa mara kwa mara, na mipira mipya ikaleta tatizo jipya la utelezi. Waamuzi walijaribu udongo wa uwanjani, mate ya tumbaku, hata rangi ya viatu. Wapi.

Dawa ilipatikana mtoni. Lena Blackburne, kocha wa Philadelphia Athletics, alichota matope laini kwenye kijito kinachoingia mto Delaware, upande wa New Jersey, na tangu mwaka 1938 matope hayo yanatumika. Mahali hasa yanapochotwa ni siri mpaka leo. Kwa hiyo kabla ya kila mechi mtu anakaa na ndoo ya mipira, zaidi ya 100. Anadonoa tope kwa vidole, anatia tone la maji, anazungusha mpira baina ya viganja viwili kama anayefinyanga kitumbua, sekunde 30 hivi, mshono usilowe kupita kiasi. Mpira unaingia mweupe pe, unatoka na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Mwaka 2022 ligi iliweka utaratibu mmoja kwa timu zote: mipira yote ya mechi ipakwe siku hiyo hiyo ya mechi, isipishane zaidi ya saa tatu, na ihifadhiwe kwenye kabati la kudhibiti unyevu. Mchezo wa mabilioni, wenye kamera na kompyuta kila pembe, bado haujapata mbadala wa tope la kijitoni.

"Kazi yao ni bia na shampeni"

Bia ipo, na imeleta aibu. Mwaka 2011 Boston Red Sox walipoteza uongozi wa mechi 9 katika mbio za kuingia hatua za mwisho, ndani ya mwezi mmoja, kisha ikafichuka kwamba baadhi ya warushaji wao walikuwa wakinywa bia na kula kuku wa kukaanga vyumbani huku wenzao wakiwa uwanjani. Msimu uliofuata pombe ikapigwa marufuku vyumbani mwao. St. Louis Cardinals walikuwa wametangulia, baada ya mrushaji wao Josh Hancock kufa kwa ajali ya gari akiwa amelewa mwaka 2007.

Shampeni nayo ni kazi ya mtu. Nailoni lazima itandazwe juu ya makabati, chupa zitiwe barafu, kabla mechi haijaisha. Oktoba 25, 1986, kwenye uwanja wa Shea mjini New York, Red Sox walikuwa mbele 5 kwa 3 dhidi ya Mets katika awamu ya 10, wakibakiwa na mpigaji mmoja tu wa Mets wa kumtoa ili wawe mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1918. Vyumbani kwao nailoni ilishatundikwa, shampeni ipo, kombe limeletwa, kamera zinasubiri. Upande wa pili Keith Hernandez wa Mets, aliyekuwa ametolewa dakika chache kabla, alishakwenda vyumbani, akakaa ofisini kwa kocha na bia yake akitazama kwenye televisheni. Basi mpigaji mmoja wa Mets akapiga salama, wa pili naye, na wa tatu. Hernandez hakuthubutu kunyanyuka. Aliamini kiti kile kina bahati. Mpira wa mwisho ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner wa Red Sox, Mets wakashinda 6 kwa 5.

Kila mtu anamkumbuka Buckner. Mimi nawafikiria waliokuwa chini kule, waking'oa nailoni mbio mbio na kuzitokomeza chupa kabla wachezaji hawajafungua mlango.

"Mwandishi haingii, mwanamke ndiyo kabisa"

Waandishi huingia kwa saa zilizopangwa kabla ya mechi, na dakika kama 10 baada ya mechi kwisha mlango hufunguliwa tena. Ulifungwa kwa sababu ya korona, ukafunguliwa 2022. Kuhusu wanawake, shauri lilikwisha zamani. Melissa Ludtke wa jarida la Sports Illustrated alizuiwa kuingia wakati wa fainali za 1977, akashtaki. Ligi ilidai inalinda faragha ya wachezaji. Septemba 1978 Jaji Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho Marekani, aliamua kwamba faragha inalindwa kwa taulo na mapazia, si kwa kumfungia mtu nje ya kazi yake.

"Wanaookota magongo ni watoto wa wachezaji"

Zamani ilitokea. Katika fainali za 2002 Darren Baker, mtoto wa kocha wa Giants, akiwa na miaka 3, nusura akanyagwe na mkimbiaji, mchezaji J.T. Snow akamnyakua kwa koti. Tangu hapo umri wa chini ni miaka 14.

"Hayo ni yao, Mwafrika hayamhusu"

Vijana wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto mwaka 2012, wa kwanza kutoka Afrika. Lakini kwa habari za vyumba, hakuna wa kumzidi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli ya Randburg Mets, karibu na Johannesburg, akisafisha na kupika. Yeye na wanawe waliishi humo humo, katika chumba kidogo ndani ya jengo la klabu. Gift alikua akisikia mpira ukigonga glavu nje ya dirisha lake.

Pittsburgh Pirates walimsajili 2008. Alizunguka ligi za chini kwa zaidi ya miaka minane, na Aprili 26, 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu. Mara ya kwanza kushika gongo alikutana na Jon Lester wa Cubs, mabingwa waliokuwa wakishikilia kombe, na akapiga salama hadi kituo cha kwanza. Maureen hakuwepo. Alikuwa amefariki mwaka 2013, mwanawe akiwa bado anahangaika na kabati za ligi za chini.