Mafuta ya alizeti na kondomu haviendani

Huku Dodoma, ambako dumu la mafuta ya alizeti halikosi jikoni, wanawake wengi huamini kuwa mafuta hayo, kwa kuwa ni ya asili, yanafaa kulainisha uke mkavu wakati wa tendo la ndoa. Inaeleweka: yanateleza, na yapo karibu. Ila mafuta yoyote, hata ya nazi au ya mgando, hudhoofisha mpira wa kondomu kwa dakika chache tu. Puliza kondomu kama puto, ipake mafuta, usubiri; mara nyingi hupasuka. Duka la dawa ulizia kilainishi cha maji kisicho na manukato. Weka tone kidoleni, suuza: cha maji hutoka bila sabuni, mafuta hung'ang'ania. Maumivu yakiendelea, dada yangu, nenda zahanati.