"Mama wa nyumbani tu": tunavyowakosea wanawake wa mashamba ya Malindi

Kwenye matanga ya nyanya, binamu yangu alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akaolewa, akajaaliwa watoto saba, na "hakuwahi kufanya kazi, alikuwa mama wa nyumbani tu". Akina mama wazee waliokuwa mkekani wakaguna. Mmoja akauliza kwa sauti, "Na hiyo sima uliyokulia, ilijitwanga?" Watu wakacheka, wasifu ukaendelea. Lakini kosa la binamu si lake peke yake: yako maneno mengine kama hayo, nami nayajibu hapa moja moja.

"Mume ndiye mkulima, mke ni wa jikoni"

Wanaume walikuwa na kazi zao: kufyeka msitu, kukwea minazi, kugema tembo, kuangalia mifugo. Kupanda, kupalilia, kuamia ndege kwenye mtama, kuvuna na kubeba mavuno hadi nyumbani, kwa Wagiriama wa huku Pwani ya Kenya mzigo huo ulimwelemea zaidi mwanamke. Wala shamba na jiko havikuwa na mpaka. Mtu anapalilia huku akichuma mchunga wa kitoweo, anarudi na kuni kichwani, mtoto mgongoni. Sasa hapo kazi ya nyumbani imeanzia wapi?

Wakoloni walipoleta kodi, waliitoza kwa nyumba. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mafiga yake, hivyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Daftarini liliandikwa jina la mume, ila nafaka iliyouzwa ili fedha ipatikane ilikuwa imepaliliwa na hao wenye mafiga. Ndiyo maana sishangai kwamba mwaka 1913 aliyezunguka na ngoma ya kifudu, akiwaapisha watu wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi kwa Wazungu, alikuwa mwanamke, Mekatilili wa Menza. Mwaka uliofuata Waingereza waliwafukuza Wagiriama kutoka kaskazini ya mto Sabaki, kwenye ardhi yao nzuri ya nafaka. Vitabu husema "Wagiriama walipoteza ardhi". Mimi huwaona wanawake wakivuka mto na vinu vyao.

"Wanawake wa Pwani walikaa ndani, hawakujua jembe"

Baadhi ya mabibi wa nyumba za mawe, naam. Lakini aliyewatekea maji na kuwatwangia ni nani? Malindi ilipoanza kukaliwa upya miaka ya 1860, chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya mtama, ufuta na mahindi yalilimwa na watumwa, wanawake kwa wanaume, kila mtu na ngwe yake, kipande alichopimiwa kulima. Mwanamke akishamaliza ngwe, kinu kilikuwa kinamngoja. Utumwa haukuondolewa kisheria huku kwetu hadi mwaka 1907. Kwenye maonyesho ya utamaduni tunapanga mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu na upawa mezani, vizuri kabisa, na habari hiyo hatuigusi.

"Kutwanga ni nguvu tu"

Anayesema hivi hajawahi kushika mchi. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo kwanza, yakilowa sana yanakuwa ujiuji, yakiwa makavu yanaruka nje ya kinu. Mchi wa kwanza ni wa kukoboa: hauangushwi kwa hasira, unaachiwa ushuke kwa uzito wake ili ganda litoke na punje isivunjike. Kisha uteo wa kupepetea, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nikifukuzwa. Nyanya aliutikisa mara tatu nne, pumba zikasogea mbele zenyewe na kuangukia kuku, chenga zikabaki upande wake. Nikijaribu mimi, kuku walikula vyote. Baada ya hapo ni kutwanga tena, kuchekecha, kilichobaki kurudi kinuni, na unga kuanikwa.

Wakiwa wawili kwenye kinu kimoja, mchi mmoja unapanda mwingine unashuka, na mwenye mbwembwe anauachia hewani, anapiga kofi, anaudaka. Nyumba ya jirani walijua kwa mlio tu nani anatwanga na kama bado anakoboa au ameshafika kwenye unga. Mashine ya kusaga ilipofika, nyanya aliisifu kwa mgongo wake na kuilaumu kwa ulimi: unga ulitoka na moto, ilibidi autandaze upoe kabla ya kuutia chomboni, la sivyo ungevunda.

"Sima ya mahindi ni ya tangu na tangu"

Hapana. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, sima ya hapa haikuwa ya mahindi. Nafaka zilizozoeleka zilikuwa kama mtama na wimbi. Na kila mmea mgeni ulimdai mwanamke ujuzi mpya. Muhogo mchungu una sumu: humenywa, hukatwa, huanikwa makopa ndipo hutwangwa. Nani ajuaye ni wangapi waliugua kabla ya somo hilo kukamilika.

"Dari jeusi ni uchafu"

Mgeni akiingia nyumba ya zamani ya makuti huona masizi na kuwahurumia wenyeji. Pale juu ya mafiga palikuwa na uchaga, lutsaga kwa Kigiriama, na moshi wa kila siku ndio uliofukuza fukusi kwenye mahindi. Mahindi yalipangwa na maganda yake, ya kula upande mmoja, ya mbegu upande mwingine, na upande wa mbegu haukuguswa hata njaa ikibisha hodi. Mpandaji wa uchaga alikuwa mke mwenye nyumba tu. Moshi uliyaumiza macho yake, hilo nalo ni kweli, na nyanya alizeeka akiyafikicha kwa pembe ya leso.

Matanga yalipoondolewa, shangazi alipanda kushusha vitu. Akakuta mafungu matatu ya mahindi ya mbegu, meusi ti kwa masizi, yamefungwa pamoja kwa maganda. Aliyagawa kwa wakaza wana watatu. Binamu ndiye aliyeshika taa.