“Gesi imeisha”: dhana potofu kuhusu friji ya waini ya nyumbani

Zile friji ndogo zenye mlango wa kioo na taa ya bluu ndani hazipo tena hotelini peke yake. Ziko sebuleni Mikocheni, ziko kwenye nyumba za ghorofa Kilimani na Nyali, na nyingine zimeingia ndani kama zawadi ya harusi. Zikianza kusumbua, watu huzitafutia ugonjwa kwa uzoefu wa friji ya jikoni, na hapo ndipo pesa inapopotea. Mara nyingi friji yenyewe ni nzima. Kibovu ni mahali ilipowekwa, au umeme unaoilisha, au mwenyewe anaidai kitu ambacho haikuumbiwa.

“Haipoi, basi gesi imeisha”

Hii ndiyo inayokula pesa kuliko zote. Fundi anafika, anapapasa ubavu wa friji, anatikisa kichwa, anasema gesi imeisha. Kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muigeuze muone mgongo wake.

Ukiona chungu cheusi cha chuma kule chini, kimeungwa na mabomba membamba, hiyo ni kompresa, na kweli ndani yake mna gesi. Ukiona feni na bamba la alumini lenye mapezi, bila bomba hata moja, friji hiyo haina gesi na haijapata kuwa nayo tangu itoke kiwandani. Anayetaka kukuongezea gesi humo ataiweka wapi?

Friji za aina hii ya pili zinatumia kijibamba kidogo bapa ambacho ukikipitishia umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Mfaransa Jean Peltier ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1834, na mpaka leo kijibamba kinaitwa kwa jina lake. Friji nyingi ndogo, za chupa 6 mpaka 18 hivi, ni za Peltier. Watu huzipenda kwa ukimya wake na bei yake.

Na hata kama yako ni ya kompresa, gesi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi, ileile. Ikipungua, kuna mahali inavujia. Fundi anayejua kazi atajaza naitrojeni kwa presha, apake povu la sabuni kwenye maungio atafute tundu, alizibe, avute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze gesi kwa kuipima kwenye mizani kulingana na kibandiko cha nyuma. Anayeongeza gesi kwa kukisia, bila kutafuta tundu, atarudi tena na utamlipa tena.

Soma hicho kibandiko mwenyewe. Siku hizi watengenezaji wengi wanatumia gesi ya R600a, na kiasi chake ni gramu chache tu. Kikomo cha friji za nyumbani ni gramu 150. R600a ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, kwa hiyo inawaka. Fundi akiwasha moto wa kuchomelea karibu na bomba ambalo gesi yake haijatolewa, tena chumba kimefungwa madirisha, msimamishe. Na akikwambia ataweka R134a, gesi ya aina nyingine, kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye mtungi, mkatalie. Kompresa na mabomba vilipimwa kwa gesi moja, hiyo nyingine haichukui nafasi yake hivihivi.

“Nimeweka 8, inasoma 17. Imekufa”

Ngoja. Chumba kina joto gani?

Friji ya Peltier haijui nyuzi 8. Inachojua ni kushuka chini ya joto la chumba ilichomo, kwa kawaida nyuzi 10 hadi 15 hivi. Sebule ya Dar mwezi Januari, kiyoyozi kimezimwa, inafika nyuzi 32. Toa 15, unapata 17. Friji imefanya kila inachoweza. Ihamishie Nairobi, kwenye chumba cha nyuzi 23, nayo itagonga 8 bila shida. Ndiyo maana mtu akihama Nairobi kwenda Mombasa na friji yake, wiki ya kwanza tu anaanza kulalamika kwamba wabebaji wameiharibu. Wabebaji hawana kosa.

Za kompresa zinahimili zaidi, lakini nazo zina mipaka, na mipaka hiyo imeandikwa. Kwenye kibandiko tafuta herufi za daraja la hali ya hewa: SN na N zimetengenezwa kwa vyumba visivyozidi nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Anayeishi pwani na hana kiyoyozi cha kudumu anunue T, au angalau ST. Friji ya N iliyokuja na kontena la vitu vya mtumba kutoka Ulaya inaweza kuwa nzuri kwa Iringa au Limuru, ila Tanga itafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika mpaka ichoke.

Halafu tuulizane, hiyo 17 ina ubaya gani? Waini nyekundu inanyweka vizuri kati ya nyuzi 14 na 18. Kwa kutunza, wajuzi wengi wanataka 12 hadi 14, lakini kukaa kwenye 17 isiyoyumba ni bora mara nyingi kuliko kabati la jikoni linalochemka mchana na kupoa usiku. Nyeupe ndiyo inayotaka ubaridi wa 6 mpaka 10. Chupa hiyo ihamishie friji ya jikoni saa mbili tatu kabla wageni hawajafika, mambo yameisha. Usiitupe friza ukaisahau: waini ya kawaida huganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na ikiganda inavimba, inasukuma kizibo au inapasua chupa.

Jambo jingine ni hicho kioo cha tarakimu. Kinasoma hewa iliyo karibu na sensa, hakisomi waini iliyo ndani ya chupa. Ukijaza chupa 12 zilizotoka dukani na joto lake, namba zitaruka ruka na friji itahitaji siku nzima au zaidi kuzipoza. Ukitaka ukweli, jaza glasi maji, tumbukiza kipimajoto, iweke rafu ya katikati, funga mlango, urudi kesho saa kama hizo. Joto la maji hayo ndilo joto la waini yako.

“Ni kajifriji kadogo, kanakaa popote”

Joto linalotolewa ndani lazima lipelekwe mahali. Friji za kusimama peke yake zinalitoa nyuma au ubavuni. Zile za kuingiza kwenye kabati zinalitoa mbele, kwenye wavu wa chini. Ukiichukua ya kusimama ukaisokomeza ndani ya kabati kwa sababu imependeza na rangi ya mbao, inapumua hewa yake yenyewe ya moto. Iachie nyuma nafasi ya sentimita 10, au zaidi kama kitabu chake kinasema hivyo. Isikae jirani na jiko wala kwenye dirisha linalopigwa na jua la saa kumi. Pazia nzito iliyoangukia mgongoni mwake inatosha kuifanya ishindwe kupoza.

Kama mahali pako sawa na bado haipoi, chomoa plagi uangalie feni ya nyuma. Utakuta vumbi limeshikamana na nywele za paka na nyuzi za zulia, limekaa katikati ya mapezi ya alumini kama blanketi. Brashi laini ya kupakia rangi inalitoa, na ukiwa na pampu ya kupulizia kompyuta ni bora zaidi. Rudisha plagi, sikiliza. Kama feni haizunguki na bamba la alumini linaunguza mkono, mgonjwa ni feni. Friji haina pa kupeleka joto, kwa hiyo linarudi ndani, na chupa zinakuwa vuguvugu. Feni nyingi za humo ni za volti 12, za jamii ileile ya feni za kompyuta. Ing'oe, soma volti na vipimo vilivyoandikwa juu yake, nenda nayo mkononi Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi ukatafute ya kufanana nayo. Ni kazi ya bisibisi tu, mradi plagi iko nje ya soketi.

“Kioo kinatoa jasho, raba ya mlango imekwisha”

Inawezekana, lakini anza na hali ya hewa. Siku ya masika Dar, hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 27 hivi kitaota matone. Kioo cha friji kitakosaje? Futa na kitambaa, endelea na maisha. Ukipandisha kidogo, kutoka 8 hadi 12, jasho linapungua.

Raba inapimwa kwa noti. Ibane kwenye mlango, ivute taratibu. Ikikataa kidogo, raba ni nzima; ikiteleza, hapo panaingiza hewa. Zunguka mlango mzima, hasa kona upande wa bawaba. Kabla ya kununua nyingine, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana sukari ya soda iliyomwagika huifanya igome kushika. Iliyokunjamana huweza kunyooka ukiipasha na mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali.

Maji yanayotuama chini ndani ni habari nyingine: kwa za kompresa, tundu la kutolea maji nyuma limeziba. Lizibue kwa mrija laini na maji ya moto kiasi. Barafu nene ukutani nayo isiguswe kwa kisu. Sote tumemwona mtu akichokoa friza kwa kisu cha jikoni, na sote tumesikia ule mlio wa “fsss”. Hapo ndipo gesi inapoisha kweli.

“Umeme umerudi, iwashe haraka waini isiharibike”

Waini si maziwa. Umeme ukikatika saa sita mchana ukarudi magharibi, chupa zilizofungiwa ndani zimepanda joto polepole, kama hukuwa unafungua mlango kila mara kuzikagua.

Inayoumia na haraka ni kompresa. Ikizimika, presha ndani ya mabomba inahitaji dakika kadhaa kusawazika. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inajaribu kuanza huku ikisukumana na presha hiyo: inanguruma, inalia “tak”, inazima, inarudia tena. Ipe angalau dakika tano. Kile kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kwenye soketi kina kazi hiyohiyo, kinachelewesha umeme kabla ya kuuruhusu, na kinaukata ukishuka au kupanda mno. Ni cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa mpya.

Huo mngurumo na “tak” vikitokea jioni tu, majirani wote wakiwa wanapika na kupiga pasi, usimwite fundi friji. Mwite fundi umeme apime soketi wakati friji inajaribu kuwaka. Tanzania inatakiwa upate 230, Kenya 240. Ikisoma 180, umeshajua. Ekstensheni nyembamba ndefu iliyobeba na TV na pasi inaleta maradhi hayohayo.

Ndugu wa Marekani akitaka kukutumia friji yake, mshukuru halafu ukatae. Kule ni volti 120 na hezi 60 (hezi ni mara ambazo umeme unazunguka kwa sekunde), huku kwetu ni hezi 50. Transfoma itakushushia volti, hezi haibadilishi, na kompresa nyingi za kule zikiendeshwa kwa hezi 50 zinazunguka polepole na kupata joto.

Umeme ukisharudi, tazama namba uliyoiweka. Baadhi ya friji husahau na kurudi kwenye joto la kiwandani, mwenyewe akadhani imeharibika.

“Ilisafirishwa imelala, usiiwashe kabisa”

Ya Peltier haina mafuta ya kuhama, washa. Ya kompresa isimamishe kwanza, siku moja ikiwezekana, mafuta yarudi kwenye chungu chake.

Kelele za maji yanayotiririka ndani ya mabomba ni za kawaida. Chupa zikigongana zenyewe, miguu ya friji hailingani: ya mbele huzungushwa kwa mkono, pandisha mmoja, shusha mwingine. Na kulaza chupa ni kwa ajili ya kizibo cha asili kisikauke. Waini ya Dodoma yenye kifuniko cha kuzungusha inaweza kusimama wima miaka yote.

“Nafasi ikibaki, weka maziwa na dawa”

Usiweke. Joto la 12 ni tamu kwa waini na ni tamu vilevile kwa bakteria. Maziwa, nyama na samaki vinataka 5 kushuka chini. Insulini ya akiba inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 na isigande. Friji hii haiwezi kukuahidi hilo, ya Peltier hata usiifikirie. Irudishe friji ya jikoni, rafu ya katikati, mbali na friza.