Kana, mchaichai na wenzao: namna ya kugawa mimea ya kudumu hapa Mwanza

Mvua za vuli zikianza tu simu yangu haipoi, "mtaalamu nataka maua ya kukaa", na wengi ni watu waliochoka kununua miche ya msimu barabarani, unapanda, inachanua wiki kadhaa, kiangazi kikiingia bustani inabaki vumbi tupu. Hapo ndio naingiza habari ya mimea ya kudumu. Na kabla sijamuuzia mtu kitu (ndio, nina kitalu, nauza, lakini ngoja kwanza) namwambia azunguke mtaani aangalie nani ana maua ya kana yamebanana, nani mchaichai wake umefura mpaka kanjia hakapitiki, maana mmea uliofika hapo unatakiwa upunguzwe, usipopunguzwa unadumaa. Mwenye nao akikupa kipande anakuwa ameutibu. Watu wanaona kuomba mche ni kujishusha, mimi naona umeenda kumpunguzia mama wa watu kazi.

Mwanza yetu mnaijua, ni mawe. Ukiwa Mabatini, Igogo au kule juu Bugando udongo mwingi ni kichanga kilichomeguka kwenye hiyo miamba ya granaiti, maji yanapita moja kwa moja hayakai. Joto sio la kutisha kwa sababu hata usawa wa ziwa wenyewe ni kama mita 1,134 kutoka baharini, shida kubwa ni Juni mpaka Septemba mvua zinapokata. Kwa hiyo mmea wenye akiba yake chini ya udongo au ndani ya majani ndio unaovuka. Weka samadi, lakini iliyooza kweli, ile mbichi ya zizini inaunguza mizizi na inakuja na mbegu za magugu humo humo. Juu tandaza pumba za mpunga, kwenye mashine za kukoboa zipo, ukienda na kiroba chako hukosi.

Sasa kana, maana ndio naulizwa sana. Ukifukua pembeni ya shina unakuta kitu kinene kinajitawanya chini kama tangawizi, kina macho yake ya pinki yamechongoka, hayo ndio machipukizi yajayo. Usivute kwa mikono, chimba duara kwa mbali kidogo, nyanyua bonge zima, kung'uta mpaka uone viungo vilipo, halafu panga kali, pigo moja, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu. Ukikata kipande chenye jicho moja kitaota tu lakini utakisubiri mpaka ukichukie. Majani marefu yapunguze, kwa sababu mizizi umeikata na haiwezi kulisha majani yote yale, watu wanaona huruma kuyakata halafu wanashangaa mmea umelala chini siku ya pili. Panda vidole vinne kwenda chini, achanisha karibu nusu mita. Na kana ikishamaliza maua kwenye shina moja, shina hilo likate hadi chini, halitoi tena, linakula nafasi tu. Ukiona majani yamejiviringisha yenyewe yafungue, ndani kuna kiwavi, mtoe kwa mkono, dawa ya nini.

Mchaichai ni rahisi zaidi ila una kisirani chake, kingo za majani zinachana mikono, vaa shati la mikono mirefu. Kila miaka miwili mitatu kati ya shina panakufa, panabaki majani makavu, uhai wote umehamia pembeni. Kata majani yote ubakize kama shubiri moja, ng'oa, pasua, chukua vile vichipukizi vya nje vyenye mizizi myeupe, cha katikati tupa. Bonge moja linatosha majirani wote wa mstari wako na chai mtakunywa.

Mshubiri wenyewe una watoto wanaozunguka mama. Subiri mtoto awe na mizizi yake, mtoe, halafu usimpande, mlaze kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ukimpanda kibichi na mvua hii ya Novemba anaoza. Na tafadhali, hao ninaowasema ni wa nyumbani. Mishubiri ya milimani iacheni huko huko, aloe karibu zote za porini zimo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, sio vitu vya kung'oa upeleke sokoni.

Fensi ya minyaa, ambayo Usukumani kila mtu anaijua, inapandwa kwa vijiti tu, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, watoto wasishikishwe kazi hiyo.

Kugawana kunafika mbali kuliko tunavyofikiri. Yale maua madogo ya zambarau ya milima ya Usambara, wazungu wanayaita Saintpaulia, yalipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka uliofuata yakapewa jina lake, na leo yamejaa madirishani dunia nzima. Yanazalishwa kwa jani! Unachomeka kikonyo cha jani kwenye udongo wenye unyevu, unasubiri, vinachomoza vimche vidogo chini yake.

Ila kuna cha kutogawa. Gugu maji nalo lilianza kusambaa duniani kwa sababu watu walipenda ua lake, asili yake Amerika Kusini, ziwani kwetu lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na waliokuwa wakivuka Kigongo–Busisi kwa kivuko wanajua magugu yanavyoweza kukwamisha safari. Usiliweke hata kwenye beseni. Machipukizi ya migomba pia, hasa yanayotoka Kagera, ule ugonjwa wa unyanjano, yaani mnyauko wa migomba, uliingia huko mwaka 2006 na unasafiri kwa chipukizi na kwa panga lililotumika, kwa hiyo panga lako lipitishe kwenye moto au jiki kabla hujahamia shina lingine.

Na kuna ndago, hii ndio inaniumiza roho. Mtu anakupa kana nzuri na udongo wake "isishtuke", ndani ya udongo kuna vile vijiazi vyeusi vidogo vimeungana kwa nyuzi, baada ya mwezi bustani yote ni ndago, unang'oa, inakatika, inaota upya. Osha mizizi kwenye ndoo mpaka uione rangi yake, kisha ifunge kwenye gazeti lililolowa au kipande cha kiroba, iweke kivulini, inavumilia hata safari ya daladala kutoka Buhongwa hadi Airport bila shida.

Mwezi huu napunguza kana nyekundu na za njano, na mchaichai. Za kugawa hizo siuzi, anayetaka aje asubuhi kabla jua halijapanda, aje na mfuko wake, udongo sitoi.