Je, wajua kwa nini Waskoti wa zamani hawakuchagua jina la mtoto wa kiume?

Fungua daftari la ubatizo la parokia yoyote ya Uskoti ya miaka ya 1700 na utachoka kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza. John, James, William, Alexander, Robert, halafu John tena, na John mwingine chini yake. Unaweza kudhani wazazi wale walikuwa wavivu wa kufikiri. La hasha. Hawakuwa na la kufikiria: jina la mtoto lilikuwa na mwenyewe tangu mimba haijatungwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto wa kwanza wa kiume alichukua jina la babu mzaa baba. Wa pili alichukua la babu mzaa mama. Wa tatu ndipo baba naye alipopata wajina wake, na waliofuata waligawiwa majina ya ami na wajomba. Kwa wasichana mambo yaligeuzwa: wa kwanza alichukua jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama mwenyewe. Haikuwa sheria ya serikali wala ya kanisa, na familia nyingi zilipinda hapa na pale. Lakini desturi ilishika kiasi kwamba hadi leo wanaotafuta nasaba za Kiskoti huitumia kama dira. Wakikuta kifungua mimba anaitwa Alexander, wanaanza kumsaka babu Alexander upande wa baba.

Msomaji wa Kikuyu hapa atakuwa anatabasamu, maana kwao mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba na wa pili ni babu mzaa mama, vilevile kabisa. Wamisionari wa Kiskoti waliojenga kituo chao nje kidogo ya Nairobi, mahali ambapo hadi leo panaitwa Thogoto kwa jinsi wenyeji walivyolitamka jina la hao wageni, walikuta watu wanaopeana majina kama nyanya zao kule Uskoti.

Sasa, mfumo wa namna hii una kasoro moja kubwa. Je, kama babu wote wawili ni John? Jibu la Waskoti lilikuwa fupi: basi nyumba itakuwa na John wawili. Ilitokea kweli, ndugu wa tumbo moja, wote wazima, jina moja. Waliokuwa wakizungumza Kigaeli, lugha ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi, waliwatenga kwa kuongeza neno. Iain ndiye Yohana wa Kigaeli, kwa hiyo mkubwa angeitwa Iain Mòr na mdogo Iain Beag, yaani Iain Mkubwa na Iain Mdogo. Penginepo rangi ilifanya kazi hiyo: Ruadh ni mwekundu, Dubh ni mweusi, Bàn ni mweupe, na zote ni rangi za nywele.

Ukitoka nje ya nyumba, ukaenda kijijini, rangi hazikutosha. Hapo mtu alitajwa kwa ukoo mzima: Iain mac Sheumais mhic Dhòmhnaill, Iain mwana wa Seumas mwana wa Domhnall. Mtu wa Lamu au wa Unguja hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ni Yahya bin Yaakub bin fulani. Hiyo "Mac" unayoiona mwanzoni mwa majina ya ukoo ya Kiskoti ni "bin" tu. MacDonald ni bin Donald, ila "bin" yao iliganda ikawa jina la ukoo, isibadilike tena kila kizazi.

Wavuvi wa pwani ya kaskazini mashariki, maeneo ya Buckie na vijiji jirani, walifika mbali zaidi. Kule hata majina ya ukoo yalikuwa machache, kwa hiyo ungeweza kukuta kundi la wanaume wenye jina la kwanza na la ukoo yaliyofanana. Kila mmoja alipewa lakabu, na lakabu hiyo haikubaki ya utani wa bandarini. Iliandikwa hata kwenye nyaraka rasmi, kwa sababu bila hiyo karani asingejua ni nani anayedaiwa.

Na kama babu alisubiri wajina, wakazaliwa wasichana watupu? Jina halikutupwa. Liliongezewa mkia likapewa binti. Ndiyo maana nyanda za juu zilijaa akina Jamesina, Williamina na Hughina. Mimi siwezi kusema ni majina mazuri, lakini yanaonyesha jinsi deni la babu lilivyochukuliwa kwa uzito.

Majina yenyewe yalitoka wapi basi, hayo yaliyorithishwa? Mengine ni ya dini, na hapa pana jambo linalonifurahisha. Malcolm, jina la wafalme wanne wa Uskoti, maana yake ni mfuasi wa Mtakatifu Columba, yule mtawa kutoka Ireland aliyetua kisiwa cha Iona mwaka 563 na kueneza Ukristo. Gilchrist ni mtumishi wa Kristo. Ni ujenzi uleule wa Abdallah na Abdulrahman: mtoto hapewi jina takatifu lenyewe, anapewa utumishi wake. Columba mwenyewe maana yake ni njiwa, na ndilo lililozaa Callum, jina ambalo bado linapendwa.

Alexander ni la Kigiriki, lakini Waskoti walilikumbatia likawa lao. Liliingia kupitia ikulu: Mfalme Malcolm III na mkewe Margaret walimpa mmoja wa wana wao, naye akatawazwa mwaka 1107. Walifuata Alexander wawili zaidi, na wa tatu alikufa mwaka 1286 alipoanguka na farasi usiku wa dhoruba karibu na Kinghorn, akaiacha nchi bila mrithi wa kiume. Kwa Kigaeli ni Alasdair. Lachlan na Magnus yana harufu ya Waviking. La kwanza humaanisha mtu wa Lochlann, yaani Norwei, na la pili ni la mtakatifu wa visiwa vya Orkney. Kenneth ni mzuri wa sura. Hili lilivuka bahari: David Kaunda, mwalimu aliyetumwa Chinsali kutoka Livingstonia, misheni ya Waskoti huko Nyasaland (Malawi ya leo), alipata mwana mwaka 1924, na mwana huyo Kenneth akaja kuwa rais wa kwanza wa Zambia.

Halafu kuna majina ya ukoo yaliyopandishwa cheo yakawa majina ya kwanza, mara nyingi kwa kumpa mtoto ukoo wa mama yake. Douglas ni maji meusi. Cameron ni pua iliyopinda, na Campbell ni mdomo uliopinda, kwa hiyo mzazi anayevutiwa na sauti tu atafute maana kwanza. Atafute na historia. Februari 1692, wanajeshi chini ya nahodha Robert Campbell walikaa siku kadhaa kama wageni kwa akina MacDonald wa bonde la Glencoe, wakala na kulala kwao, kisha wakawavamia usiku na kuua watu wapatao 38. Kuua adui vitani ni jambo moja. Kumuua mwenyeji aliyekukaribisha ni jingine, na wapo akina MacDonald ambao mpaka leo hawawezi kumwita mtoto Campbell hata kwa utani.

Gregor nalo lina kisa chake. Mwaka 1603 jina la ukoo MacGregor lilipigwa marufuku kwa amri ya kifalme, na aliyeendelea kulitumia aliweza kuuawa. Watu wakajificha ndani ya majina ya koo nyingine kwa vizazi. Marufuku iliondolewa, ikarudishwa, na haikufutwa kabisa mpaka mwaka 1774. Anayemwita mwanawe Gregor leo anatamka jina ambalo mababu walilinyamazia.

Siku hizi desturi imelegea. Sheria inawapa wazazi siku 21 za kusajili uzazi, na wengi huzitumia zote wakibishana. Jack liliongoza orodha ya wavulana kuanzia 2008 hadi 2022, kisha Luca likalipiku mwaka 2023. Babu hajafukuzwa, amesogezwa tu: anakaa kwenye jina la pili, lile linaloonekana kwenye cheti cha kuzaliwa na pale mama anapokasirika.

Wanaotaka la asili kweli huishia mara nyingi kwa Hamish, na hili lina siri ndogo. Hamish halikuwa jina. Jina ni Seumas, ambaye ni Yakobo, na hutamkwa "Shemas". Lakini katika Kigaeli jina hubadilika unapomwita mtu: Seumas akiitwa huwa "a Sheumais", na masikio ya wasiojua lugha yalisikia "Hemish". Wakaandika walichosikia. Kwa hiyo kila Hamish unayekutana naye ni Seumas ambaye, zamani za kale, mama yake alisimama mlangoni jioni akimwita arudi nyumbani.