Fordlândia: Mji Uliochorwa Kabla ya Kuujua Mti

Mji mpya ukifa, watu husema fedha ziliisha. Fordlândia, katika jimbo la Pará nchini Brazili, fedha zilikuwepo tele. Henry Ford, tajiri wa magari wa Marekani, alitaka mpira wa matairi bila kuwategemea Waingereza na Waholanzi wenye mashamba huko Asia. Mwaka 1928 akaanza kujenga mji kando ya Mto Tapajós, katikati ya eneo la takriban hekta milioni 1. Umeme, hospitali, shule, kiwanda cha mbao na mnara wa maji vyote vilijengwa. Ford mwenyewe hakukanyaga huko hata siku moja.

Kilichouangusha mji huo ni mti uleule ulioutegemea. Mpira ni mwenyeji wa Amazon, na msituni humea mmojammoja, mbali na mwenzake, katikati ya miti ya aina nyingine. Kuna kuvu inayoshambulia majani yake. Mti ukiwa umejitenga, ugonjwa hauenei kwa urahisi. Watu wa Ford walipanda kwa mistari, miti ikabanana. Matawi yalipoanza kugusana, kuvu ikaruka kutoka mti hadi mti na majani yakapukutika.

Asia mistari hiyo ilifaa. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu za mpira kutoka bonde la Tapajós hilohilo; mbegu zilivuka bahari, kuvu ikabaki nyumbani. Kwa hiyo Ford alileta mfumo wa shamba mahali palepale ambapo adui wa mti alikuwa akiusubiri! Na kwa miaka ya mwanzo kazi hiyo iliendeshwa bila mtaalamu wa kilimo cha mpira. Hapo ndipo ninapoumia kama mtu wa mipangomiji, kwa sababu wavunaji wa mpira wa eneo hilo walikuwepo, na waliujua mti huo vizuri.

Wakazi nao walipangiwa maisha. Nyumba ziliezekwa kwa mabati yaliyohifadhi joto, pombe ikapigwa marufuku, na wafanyakazi waliozoea kupumzika jua linapokuwa kali wakalazimishwa kufuata saa za kiwandani. Chakula kilikuwa uji wa shayiri, mchele usiokobolewa na mapichi ya kopo. Desemba 1930 menejimenti ilifuta utaratibu wa kuhudumiwa mezani, ikataka kila mtu apange foleni na sahani yake. Bwalo likalipuka kwa ghasia. Wafanyakazi walivunja saa za kuandikisha mahudhurio na kuharibu magari, mameneja wakakimbilia kwenye boti, hadi jeshi likaitwa.

Mwaka 1934 mradi ulihamia Belterra, kwenye ardhi tambarare zaidi. Kuvu ikawafuata. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mpira wa kutengenezwa viwandani ulikua haraka, na mwaka 1945 serikali ya Brazili ikauziwa mali yote kwa takriban dola 250,000. Ford alikuwa ametumia zaidi ya dola milioni 20.

Picha nyingi huonyesha karakana zilizochakaa na kuuita mji mfu, lakini si kweli. Familia zinaishi Fordlândia, zinalima na kufuga ng'ombe, nyingine ndani ya nyumba zilezile za kampuni. Wanachopanda wanakipanda kwa kuangalia mvua na udongo wa Tapajós.